Vazi na Tarehe Yake: Kuunda Upya Mavazi ya Kihistoria ya Wanawake kwa Sherehe za Kumbukumbu nchini Kongo

1. Utangulizi

Kila mwaka, tarehe 8 Machi na tarehe 30 Juni zinapokaribia, shule, parokia, vyama vya akina mama na vikundi vya michezo ya kuigiza katika miji ya Kongo huanza kushughulika na mavazi. Wanaume hawasumbui sana: koti la kikoloni, kofia ya askari, ovaroli ya mchimba migodi, na mtazamaji ameshaelewa. Ugumu huanza pale wanawake wa zamani wanapotakiwa kuonekana jukwaani au katika maandamano. Wavae nini? Majibu yanayozoeleka ni mawili. Jibu la kwanza ni sketi ya nyuzi za mwale na shanga shingoni. Jibu la pili ni kitenge kipya cha sare, kilichonunuliwa sokoni wiki hiyo hiyo. Yote mawili hutetewa kwa neno moja, nalo ni "asili".

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba neno hilo halitoshi kumvisha mtu. Mwanamke wa kihistoria hakuishi katika "asili". Aliishi katika mwaka fulani, mahali fulani, akifanya kazi fulani na akiwa na uwezo fulani wa kununua au kufuma. Kwa hiyo swali la kwanza la mtengenezaji wa vazi la kumbukumbu ni: "Mwaka gani, na mwanamke gani?" Ili kuithibitisha hoja hiyo, matukio matatu yatachunguzwa: mauaji ya soko la Nyangwe ya mwaka 1871, mgomo wa wafanyakazi wa Elisabethville wa mwaka 1941, na maombolezo ya Léopoldville ya mwaka 1961. Matukio hayo yamechaguliwa kwa sababu katika kila moja wanawake walikuwapo, na kwa sababu katika kila moja vazi la "asili" huficha jambo lililo kubwa kuliko vazi lenyewe.

2. Umri wa vazi la "asili"

Yafaa kuanza na neno lenyewe, kwa maana nalo lina historia yake. Tarehe 27 Oktoba 1971 nchi ilipewa jina la Zaire, na mwaka 1972 raia walitakiwa kuacha majina ya Kikristo. Siasa hiyo ya Mobutu, iliyoitwa siasa ya uhalisi, iliingia pia katika kabati za nguo. Mwanamume alikatazwa suti na tai, akavishwa abakosti. Mwanamke alikatazwa suruali, sketi fupi na nywele za bandia, akaelekezwa kwenye kikwembe. Katika hotuba yake ya tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu aliwaruhusu wanaume warudie tai, lakini mazoea yaliyopandwa kwa miaka karibu 20 hayakung'oka kwa hotuba moja.

Mazoea hayo yalikuwa na chombo chake, yaani vikundi vya uhamasishaji wa chama cha M.P.R. Katika kila sherehe ya serikali, wanawake walicheza na kuimba kwa safu, wamevaa vikwembe vya namna moja, mara nyingi vyenye sura ya mkuu wa nchi. Hapo ndipo ilipokomaa picha ambayo hata leo huonekana kuwa ya kale, nayo ni kundi la wanawake waliovaa sare moja, wakiipamba sherehe ya wengine. Anayewavisha wanawake wote wa mwaka 1871 au 1941 kitenge kimoja cha sare haigi mababu. Anaiga miaka ya 1970.

Aidha, kikwembe chenyewe kimesafiri sana kabla ya kuitwa cha asili. Kitambaa cha waksi kilibuniwa viwandani Ulaya kwa kuiga batiki ya Java. Kampuni ya Helmond, Uholanzi, iitwayo leo Vlisco, ilianzishwa mwaka 1846, na vitambaa vya namna hiyo vilianza kupata soko kubwa katika Afrika ya Magharibi katika miaka ya 1890, kisha vikaenea. Kusema hivyo si kumnyang'anya mwanamke wa Kongo kikwembe chake. Amekichagua, amekikata, amekifunga kwa namna zake, amekitunza sandukuni kama akiba na kuwarithisha binti zake. Kitu huwa cha watu kwa kutumiwa nao. Lakini kitu kilichokuwa cha watu kuanzia wakati fulani hakiwezi kupelekwa nyuma kuvishwa watu ambao hawakupata kukiona.

3. Nyangwe, 1871: viramba, merikani na kaniki

Tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe kwenye ukingo wa mto Lualaba, watu wenye bunduki waliokuwa wafuasi wa wafanyabiashara waliotoka pwani waliwafyatulia risasi watu waliokuja kuuza na kununua. David Livingstone alikuwapo na akaandika aliyoyaona. Kwa makisio yake watu kama 1500 walikuwa wamefika sokoni siku hiyo, wengi wao wanawake. Waliokimbilia mitumbwi walizama. Wafanyabiashara wenyewe walikisia waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Habari hiyo ilipofika Uingereza iliongeza nguvu ya wale waliodai biashara ya watumwa ikomeshwe, na mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba uliofunga soko la watumwa la mji wake.

Wanawake wa Nyangwe hukumbukwa kwa kifo chao. Lakini mwandishi yule yule aliwaona siku nyingine za soko pia, wakiwa kazini: wamebeba samaki, vyungu, unga wa muhogo, mafuta ya mawese, chumvi na pilipili, wakibishana juu ya bei. Wanaume, aliandika, ndio waliojishaua kwa nguo za rangi kali zenye mikunjo mingi, na wanawake ndio waliofanya kazi nzito zaidi. Habari hiyo moja inatosha kuvunja desturi ya jukwaani ya kuwapa wanawake urembo wote na wanaume kaptura tupu.

Nguo hizo zilikuwa za nini? Hapa Kiswahili chenyewe ni shahidi. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, katika maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili na kuchapishwa na Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903, anataja viramba, yaani vitambaa vilivyofumwa kwa nyuzi za mwale katika nchi za Maniema na jirani zake, ambavyo vilivaliwa na pia vilitumika kama fedha. Livingstone aliyaita mavazi ya Nyangwe "lamba". Katika maongezi ya Katanga hadi leo nguo ni kilamba, na wingi wake ni bilamba. Mwanaisimu hatakosa kuona ukaribu wa maneno hayo, kwa vile kubadilishana kwa sauti "r" na "l" ni jambo la kawaida katika lugha za Kibantu za eneo hilo. Neno moja limebeba kitambaa cha mwale, fedha ya soko, na hatimaye nguo yoyote ile.

Kiramba si majani yaliyoning'inizwa kiunoni. Ukuti mchanga wa mwale huchanwa kuwa nyuzi nyembamba, kisha nyuzi hufumwa katika kitanda cha mfumi. Katika sehemu kubwa ya Afrika ya Kati kazi hiyo ilikuwa ya wanaume. Kwa kuwa uzi haupiti urefu wa kijani cha ukuti, kipande kimoja hakiwezi kupita urefu huo, na mara nyingi hakifiki mita moja. Vazi kubwa zaidi lilipatikana kwa kuunga vipande kwa sindano. Kwa hiyo maungio yanayoonekana si kasoro ya kufichwa. Ndiyo alama ya ukweli wa vazi. Sketi ya nyuzi zinazoning'inia, iuzwayo kwa watalii, haina sifa hiyo hata moja.

Pamoja na viramba, nguo za pamba zilikwisha kufika kwa misafara. Iliyojulikana zaidi ni merikani, pamba nyeupe isiyopaushwa, iliyopata jina lake kwa sababu ililetwa Unguja na wafanyabiashara wa Marekani, hasa wa mji wa Salem. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya mwaka 1861 hadi 1865 viliipunguza biashara hiyo, na viwanda vya Uingereza na India vikapata nafasi. Hata hivyo jina halikubadilika. Ya pili ni kaniki, pamba nyembamba iliyotiwa nili hadi ikawa karibu nyeusi. Nguo hizo zilipimwa kwa mkono, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, urefu ukaribiao nusu yadi. Mikono 4 ilifanya shuka moja (yadi 2, au mita 1.83 hivi), na shuka 2 zilifanya doti moja (yadi 4, au mita 3.66 hivi).

Vipimo hivi si mapambo ya kitaalamu. Upana wa merikani ulikaribia yadi moja, yaani sentimita 91. Shuka ya upana huo ikifungwa chini ya kwapa la mwanamke wa kimo cha kati, upindo wake hufika chini kidogo ya goti. Vazi linaloburura ardhini haliwezi kuwa la shuka moja. Lazima mapana mawili yaungwe, na hapo gharama huwa maradufu. Urefu wa nguo ulikuwa habari ya utajiri. Anayewavisha wanawake wote wa soko nguo ndefu amewafanya wote kuwa wa nyumba kubwa, na amefuta tofauti kati ya mwanamke wa kijijini mwenye kapu la samaki, mwanamke mungwana wa nyumba ya mfanyabiashara, na mjakazi wake.

Nguo zisizopaswa kuonekana katika tukio la 1871 nazo zitajwe. Kanga ilizaliwa pwani baadaye, katika miaka ya mwisho ya 1870 na miaka ya 1880, kutokana na leso zilizoungwa pamoja (neno "leso" lenyewe limetoka katika Kireno), na maandishi yake ni ya karne ya 20. Waksi haikuwapo Maniema. Mtengenezaji asitegemee pia ile picha kubwa ya mauaji iliyomo katika kitabu cha safari za mwisho za Livingstone kilichotolewa London mwaka 1874. Ni mchoro uliotengenezwa Ulaya na mtu ambaye hakuwapo Nyangwe, na unaeleza zaidi namna Mwingereza wa wakati ule alivyomwazia mwanamke wa Afrika kuliko namna mwanamke wa Lualaba alivyovaa.

4. Elisabethville, 1941: kikwembe cha wakati wa vita

Kutoka Nyangwe hadi makambi ya Union Minière kuna umbali wa miaka 70 na wa maisha mengine kabisa. Kampuni hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1906, iliamua mwishoni mwa miaka ya 1920 kwamba wafanyakazi wakae miaka mingi kambini pamoja na wake na watoto wao, badala ya kuajiriwa kwa miezi michache. Kwa uamuzi huo mwanamke aliingia katika hesabu za kampuni. Alipokea poso ya chakula, alipimiwa watoto wake, na aliitwa kwenye nyumba za kazi za mikono ambako masista na wake wa Wazungu walifundisha kushona, kufuma sufu na kupiga pasi. Gauni lililoshonwa hapo lilikuwa somo: lilimfundisha mwanamke mke wa mfanyakazi anatakiwa kuwa mtu wa namna gani. Mwanamke aliyejifunga kikwembe juu ya gauni hilo hilo, au aliyevaa blauzi ya kushonwa pamoja na kikwembe, alikuwa amelijibu somo hilo kwa namna yake.

Mwezi Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimepandisha bei za vitu, nao walidai mshahara unaolingana na bei hizo. Tarehe 9 Desemba, katika uwanja wa mpira wa Elisabethville, askari waliwapiga risasi. Makumi ya watu waliuawa, akiwamo msemaji wao, Léonard Mpoyi. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu aliliweka tukio hilo katika mfululizo wa picha zake za historia ya nchi alizozichora mwaka 1973 na 1974, ambazo zilipata kujulikana sana kwa kitabu cha Johannes Fabian cha mwaka 1996. Tangu hapo si rahisi kuigiza mgomo huo bila kuzitazama picha hizo.

Lakini picha za Tshibumba, na zile za wachoraji wenzake za "Colonie belge" ambamo wanawake wamesimama na chakula huku mfungwa akichapwa, ni kumbukumbu ya miaka ya 1970. Zinafundisha namna watu wa Shaba ya wakati ule walivyoukumbuka ukoloni, na kwa jambo hilo hazina mbadala. Kwa rangi na ushonaji wa nguo za mwaka 1941 haziwezi kuwa shahidi wa kwanza, kwa maana mchoraji hana budi kuwavisha watu wake nguo anazoziona mitaani.

Mwaka wenyewe una mengi ya kusema. Uholanzi ilivamiwa na Ujerumani mwezi Mei 1940, na Kongo ilikuwa upande wa maadui wa Ujerumani. Kwa hiyo mwezi Desemba 1941 kikwembe kipya cha Helmond hakikuweza kufika Elisabethville. Mjane wa mgomo alivaa kimojawapo cha vitatu: kikwembe cha kabla ya vita, kilichofuliwa mara nyingi, kitambaa kilichotoka katika nchi ambazo meli zake bado zilipita, au pamba iliyofumwa Léopoldville katika kiwanda cha Texaf, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1925. Pamba ya viwanda vya namna hiyo ililimwa vijijini kwa amri ya serikali, iliyoanza kutolewa mwaka 1917, na sehemu kubwa ya jasho lake ilikuwa ya wanawake. Mwanamke aliyeivuna kwa bei ndogo iliyopangwa na ofisi aliweza kumkuta dada yake wa mjini akiinunua dukani kwa bei iliyopandishwa na vita.

Matokeo yake kwa jukwaa ni wazi. Vazi la mwaka 1941 liwe limechakaa. Rangi iwe imepauka kwa jua na sabuni, upindo uwe umeshonwa tena, blauzi iwe na kiraka cha kitambaa kingine. Kitambaa kipya chaweza kufuliwa mara nyingi na kuanikwa juani majuma kadhaa ili kifikie hali hiyo. Hapo mtazamaji hatahitaji kuelezwa kwa nini mume wa mwanamke huyu aligoma. Kinyume chake, wajane waliovaa vitenge vinavyong'aa husema, bila kukusudia, kwamba madai ya wagomaji hayakuwa na msingi.

5. Léopoldville, 1961: pale vazi linapovuliwa

Tukio la tatu linaanzia Katanga na kumalizikia magharibi mwa nchi. Patrice Lumumba aliuawa karibu na Elisabethville tarehe 17 Januari 1961, na serikali ya Katanga ilitangaza kifo chake tarehe 13 Februari. Mjane wake, Pauline Opango, alikuwa Léopoldville. Alitembea katika njia za mji huo pamoja na waombolezaji wengine, sehemu ya juu ya mwili wake ikiwa wazi, kwa kufuata desturi ya msiba. Wapigapicha wa magazeti ya nje walikuwapo, na picha ikaenea duniani.

Mwanamke huyo, aliyezaliwa mwaka 1937 na kufariki mwaka 2014, alikuwa mke wa waziri mkuu wa kwanza wa nchi, hakukosa nguo. Kuvua kwake kulikuwa ni usemi. Mwili ambao serikali ilikataa kuutoa ili uzikwe, mjane aliulilia kwa mwili wake mwenyewe, mbele ya watu waliotaka jambo hilo limalizike kimya. Asiyeijua tarehe ya picha hiyo atadhani ni moja ya zile kadi za posta za kikoloni. Casimir Zagourski, Mpolandi aliyehamia Léopoldville mwaka 1924, aliuza kwa wingi picha zenye kichwa kisemacho kwamba Afrika inatoweka, ambamo wanawake wasio na nguo za pamba walichaguliwa makusudi kwa sababu hiyo. Kifua kilicho wazi katika kadi ya Zagourski kinamwonyesha mwanamke asiye na jina wala mwaka. Kifua kilicho wazi cha mwaka 1961 kinamwonyesha mtu mwenye jina, akitenda tendo la siasa siku inayojulikana. Kwa jicho tupu picha hizo zinafanana, na tarehe pekee ndiyo izitenganishayo.

Suala hili halijapitwa na wakati. Mwaka 2022 Ubelgiji ilirudisha jino, mabaki pekee yaliyosalia ya Lumumba. Jeneza lilipitishwa Sankuru, Kisangani na Katanga kabla ya kuzikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Kumbukumbu za tukio hilo zitaendelea kuigizwa, na kila mara litaulizwa: mjane avishwe nini? Kumvisha gauni jeusi na shela ni kumpa msiba wa Kizungu ambao siku ile hakuuchagua. Kumvua mwigizaji mbele ya umma wa leo, bila ridhaa yake kamili na bila wazee kushauriwa, ni kumfanyia mwanamke aliye hai jambo ambalo mwanamke wa 1961 alilifanya kwa hiari yake. Njia iliyo sawa zaidi ni kumwacha mwigizaji katika kitambaa kimoja kisicho na pambo, kichwa bila kilemba, na kumpa msimulizi kazi ya kutamka wazi jambo lililotendeka na maana yake. Maneno huweza kubeba kile ambacho nguo haistahili kulazimishwa kukibeba.

6. Kanuni za utengenezaji

Kutokana na matukio hayo matatu, kanuni chache zaweza kupendekezwa kwa walimu, wanafunzi na viongozi wa vikundi.

Kwanza, tarehe itangulie kitambaa. Kabla ya kwenda sokoni, iandikwe karatasi moja yenye mwaka, mahali, kazi ya mwanamke, hali ya nyumba yake na shughuli aliyoifanya siku hiyo. Mwanamke anayekwenda sokoni hakuvaa kama anayekwenda kanisani, hata katika mwaka mmoja.

Pili, wanawake wasivishwe sare pale historia haikuwapa sare. Katika kundi la watu 10, tofauti za umri, uwezo na asili ya ukoo zionekane kwa urefu wa nguo, uchakavu wake na namna ya kufunga. Sare ibakie kwa matukio ambayo kweli yalikuwa na sare, kama vile shule za masista au maandamano ya chama katika miaka ya 1970.

Tatu, kila chanzo kiulizwe umri na nia yake. Mchoro wa London wa 1874, kadi ya posta ya miaka ya 1930, picha ya idara ya habari ya serikali ya miaka ya 1950 na mchoro wa Tshibumba vyote vina faida, lakini hakuna hata kimoja kilichokusudiwa kuwa kielelezo cha mshonaji. Vitambaa vyenyewe, kama vile vilivyomo katika Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi, katika makumbusho ya Kinshasa yaliyofunguliwa mwaka 2019 na katika yale ya Tervuren, ndivyo vitoavyo habari za mfumo, maungio na uzito.

Nne, mshono ufuate wakati. Nguo ya 1871 hufungwa. Haina zipu, mpira wala vifungo. Nguo ya kambi ya 1941 yaweza kuwa na mshono wa cherehani na vifungo. Kitambaa cha nailoni na nyuzi zake zinazong'aa hakifai kwa lolote kati ya matukio mawili ya kwanza. Shanga za plastiki nazo zisitumike mahali pa zile za kioo zilizoletwa na misafara.

Tano, kibadala kitangazwe. Kiramba cha kweli ni ghali na wafumi wake hawapatikani kila mahali. Kikundi kisichokipata chaweza kutumia gunia laini la katani lililokatwa vipande vifupi na kuungwa kwa mkono, mradi kisiitwe kiramba. Karatasi ndogo iliyowekwa mlangoni, au sentensi mbili za msimulizi, yatosha kusema: hiki ni kibadala, na sababu ni hii.

7. Hitimisho

Yaweza kuulizwa kama juhudi hii yote inastahili kufanywa kwa ajili ya sherehe ya saa mbili. Jibu linategemea jinsi wanawake wa kumbukumbu wanavyochukuliwa. Wakiwa pambo, kitambaa chochote chatosha. Wakiwa watu waliouza, waliolima, waliogomea bei na walioomboleza hadharani, basi nguo zao ni sehemu ya ushahidi wa maisha yao, na kuzichanganya ni kuupotosha ushahidi huo. Zaidi ya hayo, neno "asili" limekwisha kutumiwa mara moja katika nchi hii kumwamuru mwanamke avae nini. Anayejua kwamba bibi yake wa mwaka 1941 alivaa gauni la cherehani, na kwamba bibi wa bibi yake alipima merikani kwa mkono wake mwenyewe, hatadanganyika kwa urahisi akiambiwa kwamba wanawake wa kwao tangu zamani walivaa namna moja tu.

Idara za Kiswahili zina kazi maalumu hapa, kwa kuwa sehemu kubwa ya historia hii imehifadhiwa katika maneno kuliko katika vitambaa. Kiramba, kilamba, kikwembe, merikani, kaniki, shuka, doti na poso ni mwanzo tu wa orodha. Majina ambayo akina mama waliyapa vikwembe vyao dukani na sokoni, majina ya namna za kufunga, majina ya mishono iliyofundishwa kambini, mengi bado yamo vinywani mwa wazee na hayajaandikwa. Mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kufunguliwa sanduku la bibi yake, akaandika kwa kila kitambaa jina lake, mwaka kiliponunuliwa, aliyekinunua na siku kilipovaliwa, atakuwa amewaandalia washonaji wa kumbukumbu zijazo kielelezo cha kweli. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji kufanywa mapema, wakati mwenye sanduku angali anaweza kusema.